Tangi la samaki la plaiwudi nililolipaka resini na faiba limeanza kuvuja: nibandue lote au nipake epoksi juu?

#1 Mwana_wa_Ujiji

Wakuu, habari. Naomba msaada kabla sijaharibu kazi ya miezi minne.

Nimetengeneza tangi la samaki wa mapambo kwa plaiwudi ya milimita 18. Kwa ndani lina urefu wa sentimita 240 (nilifuata bodi nzima, sikutaka kiungo katikati), upana 70, kimo 60. Mbele nimekata dirisha la kioo cha milimita 12. Kioo kimeegemea fremu kwa ndani, maji yenyewe yanakisukuma kwenye silikoni. Ndani kote nimepaka resini ya poliesta na mkeka wa faiba matabaka mawili, halafu resini tupu mara moja juu. Fundi wa kunyoosha bodi za magari ndiye aliyeniuzia vifaa na kunielekeza.

Nilijaza maji mpaka sentimita 55. Siku tano kimya. Siku ya sita nikaona doa jeusi kwa nje, nyuma, kona ya chini kulia, karibu na tundu la bomba la kutolea maji. Siku ya tisa doa lilikuwa kama sahani ya wali, ubao umeanza kutuna, na nikigonga kwa kidole pale panalia bu bu wakati kwingine panalia ko ko. Maji yalikuwa yameshuka sentimita 4. Nimeyamwaga yote.

Jambo la pili: resini ya ndani bado inanata kidogo ukigusa, na hii ni wiki ya tatu.

Frontosa wangu sita (samaki wa Ziwa Tanganyika) wako kwenye pipa wanasubiri. Nipo Kigamboni. Nifanyeje?

#2 Randa_na_Msasa

Pole mkuu. Kwangu mimi, bandua lote. Poliesta na mbao hawaelewani. Ile resini ikikauka inanywea, na mbao haiishi kuvuta na kutoa unyevu, sasa siku moja gamba linaachia. Epoksi, ambayo ni resini ya aina nyingine, inazama kwenye nyuzi za mbao kabla haijakauka, hainywei sana, na inakubali kupinda kidogo pamoja na ubao.

Nina miaka kumi na saba kwenye useremala. Niliwahi kumtengenezea mteja wa saluni sinki la kuoshea nywele, plaiwudi kwa poliesta. Lilirudi karakana baada ya mwaka. Niliingiza ncha ya patasi pembeni, gamba lote likainuka kama mkeka unaoukunja sakafuni, na mbao chini yake imeoza inanuka. La pili nililifanya kwa epoksi na kitambaa cha faiba, hadi leo linafanya kazi.

Ukipaka epoksi juu ya poliesta iliyoachia, umepaka juu ya kitu ambacho hakijashikilia chochote.

#3 FaibaBoti_Tanga

Napinga #2, kwa heshima. Sisi huku tunafunga mbao ndani ya boti kwa poliesta kila wiki: mataruma, ubao wa nyuma wa kubebea mashine, sakafu. Mbao ikiwa kavu na umeikwaruza vizuri, inashika. Ikiwa mbichi haitashika hata epoksi.

Mwana_wa_Ujiji, nikuulize moja tu: kona za ndani ulizijaza kabla ya kuweka mkeka? Faiba haikunji pembe mraba. Ukiilazimisha kona ya digrii 90 inatulia dakika mbili, ukigeuka inajivuta, inaacha mfereji wa hewa nyuma yake. Unaona gamba zima zuri, kumbe kwenye kona kuna ganda jembamba halijalala juu ya kitu. Maji yakijaa, mzigo wote unakwenda pale pale.

Namna yetu: unachanganya resini na unga laini wa msumeno mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, ukiinua kijiko isidondoke. Unaipaka konani, halafu unapitisha mgongo wa kijiko cha kulia, mkupuo mmoja, bila kusimama. Inabaki mviringo safi. Mkeka unawekwa juu wakati ule mviringo haujakauka kabisa, vishikane.

#4 Mama_Perege

Habari zenu. Mimi nafuga perege Morogoro, si mtaalamu wa resini, lakini maji nayajua. Sentimita 4 kwa siku tisa kwenye tangi la eneo hilo ni kama lita 67. Mdogo wangu, lita 67 zikipita kwenye ubao ungekuta sebule ina bwawa. Sehemu kubwa ya hayo ni mvuke tu. Matangi yangu yaliyo wazi yanapoteza milimita kadhaa kila siku wakati wa jua.

Siku nyingine weka ndoo au beseni lenye maji kando ya tangi, piga alama kwenye vyote viwili. Beseni likishuka sawa na tangi, hakuna anayevuja.

#5 Mwana_wa_Ujiji

Asanteni sana, naona nimefika kwenye watu.

@FaibaBoti_Tanga kona sikujaza. Mkeka niliukunja na kuubana kwa brashi mpaka ukalala, nikadhani yametosha.

@Mama_Perege hilo la mvuke halikunijia. Ila doa lipo, dada, ubao umetuna kabisa.

Nimekumbuka jambo lingine. Tundu la bomba nililitoboa MWISHO, baada ya faiba kukauka. Nikaweka tenki konekta na washa zake za mpira pande zote mbili, nikakaza.

#6 Mkemia_wa_Mtaani

Jibu umelitoa mwenyewe hapo #5.

Ulipotoboa, uliacha mdomo wa plaiwudi wazi kuzunguka tundu lote. Plaiwudi ni karatasi za mbao zilizopishana, na upande wa kichwa cha nyuzi unakunywa maji kama mrija. Washa ya mpira imekaa juu ya faiba ambayo haijanyooka, mikunjo ya mkeka inaacha njia. Maji yanaingia tone kwa tone, yanafika kwenye mdomo wa ubao, yanatembea kati ya karatasi. Ndiyo maana doa limeanzia karibu na tundu na halijaanzia kwingine.

Ilitakiwa utoboe tundu kubwa kuliko konekta, ujaze resini yenye unga, ikauke, kisha utoboe tena ndani ya ile resini kwa kipimo halisi. Konekta inapita kwenye resini tupu, haigusi ubao hata kidogo.

Kuhusu kunata, usihangaike. Poliesta ya kawaida hewa inaizuia kukauka juu kabisa, imeumbwa hivyo ili tabaka linalofuata lishikane na la chini. Tabaka la mwisho ndilo huwekwa nta kidogo: nta inaelea juu, inafunika, resini inakauka kavu. Fundi wa magari hahitaji nta kwa sababu yeye anapiga msasa na fila juu.

#7 Randa_na_Msasa

@Mkemia_wa_Mtaani wiki tatu? Hapana. Hiyo ni katalisti (dawa ya kugandisha resini) kidogo. Fundi alimpimia kwa kizibo cha chupa, ninavyowajua. Poliesta inataka asilimia 1 hadi 2 ya katalisti. Chini ya hapo inakaa kama jojo milele.

#8 Mkemia_wa_Mtaani

Yote mawili yanawezekana, na kuna njia ya kujua. Chukua kitambaa chenye asetoni, futa sehemu ndogo kwa nguvu. Mnato ukitoka na chini yake ukakuta gumu, kucha haiingii, ni hewa tu. Ikilainika na kucha ikaacha alama, resini haijaiva, na hapo @Randa_na_Msasa atakuwa sahihi.

Niwaonye wote mnaosoma: kuna maduka yanauza resini, kobalti ya zambarau (ya kuharakisha kukauka) na katalisti katika chupa tatu tofauti. Kobalti na katalisti visikutane vyenyewe KAMWE, hata matone ndani ya kizibo kimoja. Vinalipuka. Kobalti inachanganywa kwanza ndani ya resini yote mpaka iishe kuonekana, ndipo katalisti inafuata. Na katalisti ikikurukia jichoni inaunguza jicho, vaeni miwani. Nimeona watu wakichanganya na kandambili na vesti.

#9 Bin_Kalafati

Assalaam alaykum vijana wangu.

Nimewasoma tangu mwanzo. Babu yangu na baba yangu walikuwa makalafati huku Unguja, na mimi nimeshika patasi ya kalafati tangu nina miaka kumi na miwili. Tulikuwa tunasokota pamba, tunailoweka mafuta ya nazi, tunaipigilia kwenye mwanya baina ya ubao na ubao. Unaisikiliza nyundo: pamba ikijaa, sauti inabadilika, kama vile huyu kijana alivyosema bu bu na ko ko. Chini ya maji tunapaka shahamu na chokaa, juu tunapaka sifa, yale mafuta ya papa. Chombo kikishushwa baharini siku ya kwanza kinavuja, kila mtu anajua, mnakiacha kikae. Ubao unakunywa, unavimba, unajibana wenyewe.

Nawaambia haya kwa sababu mbao ya jahazi inataka maji. Plaiwudi yako inataka isiyaonje kabisa. Ukichanganya njia hizi mbili umeangamia. Nimeona wenye ngalawa na mashua kuukuu wakivalisha faiba juu ya mbao iliyoshiba maji ya bahari miaka ishirini. Miezi sita chombo kinang'ara. Baadaye mbao inaoza humo ndani, hakuna anayeiona, hata siku mguu unapita.

Kijana wa Ujiji, mbao yako ilikuwa kavu siku ulipopaka? Ulipaka mwezi gani?

#10 Mwana_wa_Ujiji

Wa alaykumu salaam mzee wangu, shikamoo. Nilipaka mwishoni mwa mwezi wa nne. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha, nilikuwa barazani, chini ya bati.

#11 Bin_Kalafati

Marahaba. Basi mimi ninalo jibu langu.

#12 Mvuvi_wa_Likoni

Niaje watu wa Dar, salamu kutoka Mombasa.

Hakuna aliyeuliza ni plaiwudi gani. Wewe ulienda dukani ukaitisha nini? Kwa sababu ukiitisha "marini bodi" kwa maduka mengi ya ujenzi, huku kwetu na nafikiri huko kwenu, utapewa ile ya kahawia au nyeusi inayong'aa, ya kufungia zege. Ile si plaiwudi ya kutengenezea boti! Imefunikwa utando wa plastiki pande zote ndio saruji ISISHIKE. Sasa wewe unataka resini ishike mahali ambapo kiwanda kimehakikisha hakuna kitu kitashika.

Plaiwudi ya boti yenyewe haina utando, ni mbao tupu, na nzuri huwa imepigwa muhuri wa BS 1088. Gundi yake haiachii maji yakiingia, na ndani haina matundu kati ya karatasi.

Mimi nilifanya kosa hilohilo kwa kontena la barafu la samaki. Faiba ilitoka kama ganda la yai la kuchemsha.

#13 Mwana_wa_Ujiji

@Mvuvi_wa_Likoni umenichoma moyo. Ndiyo hiyohiyo. Kahawia, inateleza kama sabuni, ubavuni imepakwa rangi nyekundu. Muuzaji aliniambia "hii ni marini, hata ukiizamisha baharini". Niliipiga msasa namba 80 kabla ya kupaka, ila siwezi kuapa kwamba utando wote ulitoka. Sehemu nyingine ulibaki mabaka mabaka.

#14 Randa_na_Msasa

Mabaka mabaka! Basi kesi imekwisha, tulikuwa tunabishana kona na mvua bure.

#15 FaibaBoti_Tanga

@Randa_na_Msasa taratibu. Wewe #2 ulisema kosa ni poliesta. Sasa kosa limekuwa utando? Epoksi nayo haishiki vizuri juu ya utando ule. Chagua moja, ndugu yangu.

#16 Dada_wa_Maskati

Salamu kutoka Muscat. Nimezaliwa Pemba, naishi huku, na nina tangi la plaiwudi la lita 700 kwa epoksi, mwaka wa sita huu. Niseme ya epoksi, maana naona inasifiwa kama dawa ya kila kitu.

Tangi langu la kwanza niliharibu kwa epoksi. Nilitumia ule mkeka wa faiba wa kawaida, wa nyuzi zilizokatwakatwa. Gundi inayoshika zile nyuzi imetengenezwa iyeyuke kwenye poliesta. Kwenye epoksi haiyeyuki, mkeka unabaki mweupe na mgumu, haulali. Epoksi inataka kitambaa cha faiba kilichofumwa. Kinapoloa kinapotea, unaona mbao chini yake kama unaangalia kupitia kioo chenye maji. Pakibaki peupe, hapajashiba.

Pili, hadina ya epoksi (ile chupa ya pili ya kuigandisha) haiongezwi ili ikauke haraka. Kwenye poliesta unaweza kucheza kati ya 1 na 2 kufuatana na joto. Kwenye epoksi kipimo ni kipimo, kama ni mbili kwa moja ni mbili kwa moja, na soma kama ni kwa ujazo au kwa uzito, maana si kitu kimoja. Nilizidisha nikidhani nasaidia. Nilikwangua ute kwa siku nne.

Tatu, usichanganye nyingi kwenye kikopo chembamba. Mara moja kikopo kilianza kufuka moshi mkononi mwangu na plastiki ikayeyuka. Imwage kwenye sinia pana, joto litoke.

Nne, kwenye unyevu kama wa Kigamboni, epoksi nyingi zikikauka zinatoa utelezi juu kama nta. Huo unaoshwa kwa maji na sponji ya kusugulia KABLA ya msasa. Ukianza na msasa unaushindilia ndani, na tabaka linalofuata halishiki.

#17 Mwana_wa_Ujiji

@Dada_wa_Maskati Mungu akubariki. Nimeyanakili yote kwenye daftari.

#18 Mzigo_na_Nguzo

Mnazungumzia ngozi tu, na mifupa? Mimi ni mhandisi wa majengo.

Maji ya kina cha sentimita 55 yanasukuma ukuta wa nyuma wa urefu wa mita 2.4 kwa nguvu ya kama kilo 363. Hesabu ni nusu ya kina kwa kina kwa urefu kwa uzito wa maji. Na nguvu hiyo haikai katikati ya ukuta, inakaa theluthi moja kutoka chini, yaani sentimita 18 hivi kutoka sakafuni mwa tangi. Kiungo cha chini ndicho kinachoumia. Plaiwudi ya milimita 18 yenye urefu wa mita 2.4 bila mshipi wa juu itajikunja kuelekea nje. Ikijikunja, kona ya chini inafunguka kidogo sana, na faiba isiyolala vizuri inapasuka ufa ambao huuoni.

Je, juu uliweka mbao za kuzuia kuta zisitanuke?

#19 Mwana_wa_Ujiji

Mbele ipo fremu ya kioo. Nyuma hakuna. Na sasa umenikumbusha: kifuniko nilikitengeneza tangi likiwa tupu, kikaingia kwa kubana kabisa. Baada ya kujaza maji kikawa kinacheza, upande wa nyuma katikati penseli ilipita. Nilifikiri mbao ya kifuniko imenywea.

#20 Mzigo_na_Nguzo

Penseli ni milimita 7. Ukuta wako ulikwenda nje milimita 7. Weka mbao za upana wa sentimita 10 zikizunguka juu kote, bapa, na mbili za kukatiza kutoka mbele kwenda nyuma. Zigandishwe na kufungwa skrubu kabla ya faiba, zifunikwe na faiba pia.

Na wengine mnaotamani: tangi hili likijaa ni zaidi ya tani moja pamoja na mawe, juu ya eneo la mita za mraba 1.7. Sakafu za ghorofa za nyumba za kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Jengeni chini, juu ya zege.

#21 Mgebuka_Safi

Mimi nipo Kigoma mjini, nimefuata jina la mwenye uzi. Frontosa kutoka ziwani unamhangaikia hivi, na sisi tuna ziwa la kina cha mita 1,470 hapa mlangoni halivuji hata kona moja. Rudi nyumbani ndugu.

#22 Mwana_wa_Ujiji

@Mgebuka_Safi nimecheka sana. Ndilo linalonisukuma hasa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa navaa miwani ya kuogelea ya kaka yangu, nazama pale kwenye mawe. Watoto wangu wamezaliwa Dar, wanajua mgebuka wa kukausha tu. Nataka waone wale wenye mistari ya bluu wakipita mbele ya macho yao.

#23 Mgebuka_Safi

Hapo nakuelewa. Ila usijaribu kuweka kuhe. Ndiye mkubwa kuliko sikilidi wote (ukoo wa perege na frontosa), atalijaza tangi peke yake na kuwala wenzake.

#24 Mama_Perege

Kwa nini usijenge kwa tofali na saruji? Najua saruji mpya inapandisha pH, lakini maji ya Tanganyika yenyewe yako karibu na 9. Samaki wako watajiona kwao.

#25 Mwana_wa_Ujiji

Nimepanga nyumba, dada. Siku nikihama saruji inabaki kwa mwenye nyumba.

#26 Dada_wa_Maskati

Kabla hamjamaliza, usalama wa samaki. Ile harufu kali ya poliesta ni stairini. Ukiinusa bado, usiweke samaki. Jaza maji, yakae siku tatu, mwaga, rudia mpaka harufu iishe. Silikoni ya bafuni ina dawa ya kuzuia kuvu, usiitumie, tafuta silikoni tupu ya akwariamu. Na fremu ikiwa ya mbao za kijani zilizolowekwa dawa ya mchwa, maji yakifika huko yanarudi na shaba, na shaba inaua samaki taratibu huku ukitafuta ugonjwa.

Jingine, kata faiba nje na uvae mikono mirefu. Inawasha kuliko upupu, na nguo zake zisifuliwe pamoja na za watoto.

#27 Mwana_wa_Ujiji

Wakuu, nimerudi. Jumapili nimelifungua tangi kwa grenda, nimefanya na jaribio la asetoni, na beseni la Mama_Perege. Nawapa nilichoona bila kuongeza.

Asetoni: mnato ulitoka, chini pagumu, kucha haikuingia. Ila sentimita 30 hivi za ukuta wa kushoto, ambako tulipaka mwisho siku ile, kucha iliacha alama.

Beseni: siku tatu, limeshuka milimita 12.

Kona: nilikata dirisha dogo mahali panapolia bu bu. Faiba iliinuka kirahisi, na ule utando wa kahawia ukaja nayo, umeshikana na resini imara kabisa, nikashindwa kuutenganisha hata kwa kisu. Kilichoachia ni utando kutoka kwenye mbao. Nyuma ya kona kweli kuna mfereji, kalamu ya wino inapita, lakini mfereji wenyewe ni MKAVU, isipokuwa sentimita 10 za mwisho karibu na tundu la bomba. Kuzunguka tundu mbao ni nyeusi na laini, bisibisi inazama. Weusi umepanda juu kama sentimita 20 na kwenda pembeni kidogo. Pia kuna ufa mwembamba wa faiba kwenye kona ya chini, urefu wa kiganja, na siwezi kusema ulikuwepo kabla ya grenda.

#28 Mkemia_wa_Mtaani

Mbao imeoza kuzunguka tundu, mfereji wa kona mkavu. Ni tundu.

#29 Mvuvi_wa_Likoni

Utando umetoka na resini. Kama ingekuwa mbao tupu, hata maji yakiingia kwa tundu yangelowesha hapo hapo tu. Utando ndio umeyapa nafasi ya kutembea.

#30 Randa_na_Msasa

Kwa hiyo poliesta ilishika utando vizuri. Nakubali, hilo sikulitegemea. Lakini pale kwenye mabaka, penye mbao tupu, ilikuwaje?

#31 Mwana_wa_Ujiji

@Randa_na_Msasa kwenye mabaka faiba iling'oka na nyuzi za mbao zimeganda nyuma yake, nyingi. Patasi ilifanya kazi.

#32 FaibaBoti_Tanga

Nyuzi za mbao zimeganda nyuma ya poliesta. Isomeni tena hiyo.

#33 Randa_na_Msasa

Nimeisoma. Subiri mwaka upite ndiyo useme. Sinki la saluni nalo mwezi wa kwanza lilikuwa hivyo.

#34 Mama_Perege

Milimita 12 kwa siku tatu ni 4 kwa siku, mara tisa ni 36. Tangi lilishuka 40. Kilichovuja ni milimita 4, yaani lita 7 hivi. Si 67.

#35 Mzigo_na_Nguzo

Hesabu nzuri dada. Ila beseni lilikaa kivulini au juani, na tangi lilikuwa na kifuniko, angalau nusu ya siku. Tangi lenye kifuniko lingepoteza kidogo zaidi ya beseni? Hapana, pungufu. Kwa hiyo kilichovuja kinaweza kuwa zaidi ya lita 7. Na ule ufa wa kiganja sijausahau.

#36 Mwana_wa_Ujiji

Beseni lilikuwa barazani, kivulini. Kifuniko nilikuwa nakiondoa jioni watoto wakirudi shule.

#37 Bin_Kalafati

Kijana, mbao ya upande wa kushoto, mbali na tundu, ambako hakujavuja: uliikata ukaitazama?

#38 Mwana_wa_Ujiji

Sikuikata mzee. Nimetoboa tundu dogo sasa hivi kwa drili baada ya kusoma ujumbe wako. Unga uliotoka haukupukutika, umeganda kwenye drili, na nikiubana kati ya vidole una ubaridi.

#39 Bin_Kalafati

Na huko maji hayajafika.

#40 Mwana_wa_Ujiji

Hayajafika mzee.

Nimeamua hivi: ukuta wa nyuma na sakafu vinatoka, nanunua plaiwudi isiyo na utando, itakaa ndani wiki tatu ikauke kabla sijaigusa. Kuta za pembeni nitazikwangua mpaka mbao. Kona zinajazwa kwa mgongo wa kijiko, tundu la bomba linapita ndani ya resini, mishipi ya juu inawekwa. Epoksi na kitambaa kwa sakafu na nyuma; pembeni bado sijaamua. Kioo nimekitoa kizima, tulikibeba watu wawili, kimeegemea ukutani chumbani na watoto wamekatazwa kukaribia.

Frontosa mmoja ameanza kutafuna mkono wangu nikimwekea chakula kwenye pipa. Nitarudi masika yakiisha.